Masikio ya Ukoo: Kinachorithiwa na Kinachoharibiwa

Mzee anapoanza kuwaomba watu warudie maneno, familia nyingi hutoa hukumu kabla daktari hajamwona. Hata marehemu baba yake alikuwa hivi, ni ya ukoo hiyo. Au: uzee tu, atazoea. Kauli hizi mbili huzaa matokeo yaleyale. Mzee hapelekwi hospitali, simu zake hupokelewa na mjukuu, mazungumzo ya sebuleni yanampita, na akilalamika kwamba usiku masikio yanamvuma huambiwa ajaribu kulala. Kauli ya ukoo inastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu utafiti wa miaka 30 iliyopita umeipa nguvu kuliko wengi walivyotarajia. Lakini utafiti huohuo umeibadilisha maana. Kwa wengi wetu, jeni hazileti uziwi zenyewe. Huamua sikio litastahimili nini na kwa muda gani, kisha maisha ndiyo yanayoutumia ustahimilivu huo: kelele za kazini, shinikizo la damu, sindano za hospitali, usaha uliopuuzwa utotoni.

Tuanze na makadirio yenyewe. Framingham ni mji wa jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako wakazi wamefuatiliwa tangu 1948 kwa ajili ya maradhi ya moyo. Masikio yao yalipimwa pia, na ya watoto wao, na mwaka 1999 timu ya George Gates ilikadiria kwamba kati ya asilimia 35 na 55 ya tofauti za usikivu uzeeni zinatokana na urithi. Miaka miwili kabla yake, uchunguzi wa wanaume mapacha nchini Sweden ulikuwa umetoa asilimia 47 kwa waliovuka miaka 65. Mapacha wa Denmark wenye miaka 75 na zaidi, walioulizwa tu kama wanasikia vizuri, walitoa asilimia 40.

Makadirio yanakaribiana, lakini ni rahisi kuyasoma vibaya. Asilimia 47 haina maana kwamba karibu nusu ya uziwi wa mtu fulani umetoka kwa wazazi wake na iliyobaki kwenye kelele. Inazungumzia tofauti kati ya watu wa mahali fulani, wa kizazi fulani. Chukua mji ambao wanaume wote walifanya kazi katika kiwanda kimoja kwa miaka 30: kelele waliyopata ni ileile, kwa hiyo wanaotofautiana kusikia wakistaafu watakuwa wanatofautiana hasa kwa jeni. Wahamishe nusu yao mashambani na sehemu ya urithi itashuka, ingawa hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Ndiyo maana kadirio la Sweden haliwezi kubebwa kama lilivyo hadi Mombasa au Mwanza.

Kinachoharibika kinajulikana vizuri. Ndani kabisa ya sikio kuna bomba dogo lililojisokota, lenye maji, na humo zimepangwa seli zenye vinywele, takriban 15,000 kwa kila sikio. Seli hizo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya umeme kwa ajili ya ubongo. Binadamu akizipoteza hazioti tena. Kuku huziotesha upya, jambo lililogunduliwa miaka ya 1980 na linalowasumbua watafiti hadi leo. Zilizo mwanzoni mwa bomba, zinazopokea sauti nyembamba, ndizo hufa mapema, na sauti nyembamba ndizo zinazobeba herufi kama s, f na sh. Mzee hulalamika kwamba anasikia watu wakiongea lakini haelewi wanachosema, kwa kuwa kwake saa na faa ni neno moja. Harold Schuknecht wa Harvard, aliyechunguza masikio ya marehemu chini ya hadubini, alionyesha kwamba uziwi wa uzeeni una sura zaidi ya moja. Kwa baadhi ya watu seli za vinywele ndizo zilizokufa. Wengine walikuwa wamepoteza neva. Kwa kundi la tatu kilichonyauka ni ukanda wenye mishipa ya damu ulio pembeni mwa bomba, ambao kazi yake ni kudumisha umeme wa takriban milivolti 80 katika maji ya sikio. Ukanda huo ni betri ya sikio. Ikichoka, seli za vinywele zinaweza kuwa hai na bado zisifanye kazi.

Basi jeni zinaingia wapi? Zipo familia chache ambazo jibu ni fupi, kwa sababu jeni moja inatosha. Katika mji wa Cartago, Costa Rica, ukoo mmoja umerithishana kwa vizazi uziwi unaoanza utotoni kwenye sauti nene kisha kumeza zote. Mwaka 1992 Pedro León na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko kwenye kromosomu ya 5, na mwaka 1997 jeni yenyewe ikapatikana. Uholanzi na Ubelgiji kuna koo zenye hitilafu katika jeni ya COCH: mtu huishi vizuri hadi kati ya miaka 30 na 50, kisha usikivu na mizani ya mwili huanza kuporomoka pamoja. Katika koo kama hizi, kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi. Hapo neno ukoo linatumika kwa maana yake kamili.

Kwa wazee wengine wote hali ni tofauti kabisa. Mwaka 2022 watafiti walikusanya takwimu za watu 723,266 kutoka tafiti 17 na kupata sehemu 48 za jenomu, yaani DNA yote ya mtu, zinazohusiana na kupungua kwa usikivu. Kila sehemu, ikichukuliwa peke yake, mchango wake ni mdogo sana. Baadhi ya jeni ambazo tafiti za aina hii zimekuwa zikizitaja, kama EYA4, TRIOBP na CDH23, zilikuwa zimeshajulikana zamani, kwa sababu hitilafu kubwa ndani yake huleta uziwi wa kurithi katika familia moja moja. Mabadiliko madogo ya jeni hizohizo, yanayobebwa na maelfu ya watu wasiojijua, huchangia uzeeni. Na uchambuzi ulipouliza ni tishu ipi inayoguswa zaidi na sehemu hizo 48, jibu lilielekea kwenye ule ukanda wa mishipa ya damu.

CDH23 inastahili tukae nayo kidogo, kwa kuwa inaonyesha ustahimilivu ninaouzungumzia ni kitu gani. Jeni hiyo inatengeneza sehemu ya nyuzi nyembamba zinazounganisha kinywele na kinywele juu ya seli. Sauti ikipita nyuzi hizo huvutwa, mlango mdogo hufunguka, na ishara huanza. Panya wa maabara anayetumiwa kuliko wote duniani, aina ya C57BL/6, ana badiliko la herufi moja tu katika jeni hiyo. Akiwa kijana husikia vizuri. Kabla hajazeeka huanza kupoteza sauti nyembamba, na akiwekwa kwenye kelele huumia zaidi ya panya wasio na badiliko hilo. Uzi uleule uliolegea unamwangusha mbele ya umri na mbele ya kelele pia. Kumwambia panya huyo kwamba uziwi wake ni wa umri, au ni wa kelele, au ni wa jeni, ni kukata kitu kimoja vipande vitatu.

Kutoka hapo ipo hoja ambayo wanasheria wa kazi hawaipendi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa muda wa saa 8. Kiwango cha namna hiyo huwekwa kwa kuangalia kundi zima. Mchomeleaji wa jua kali aliyerithi nyuzi dhaifu anaweza kuumia chini ya kiwango hicho, huku mwenzake wa meza ya pili akistaafu na masikio mazima. Yule wa pili hutumika kama ushahidi kwamba karakana haina tatizo. Nchi nyingi zimeshuka hadi desibeli 85, na kwa maoni yangu elimu ya jeni inaunga mkono kushuka huko. Kuwapima wafanyakazi jeni ili kuwachuja ingekuwa dhuluma, maana anayepaswa kurekebishwa ni mashine.

Nguvu ya mazingira ilionyeshwa barani Afrika kabla ya enzi hii ya jenomu. Mwaka 1962 Samuel Rosen, daktari wa masikio wa New York, alichapisha vipimo vya Wamabaan, watu waliokuwa wakiishi karibu na mpaka wa Ethiopia katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Vijiji vyao vilikuwa kimya, bila mashine wala bunduki. Wazee wao walisikia sauti nyembamba vizuri kuliko Wamarekani wa umri uleule, na shinikizo lao la damu halikupanda na umri. Habari hiyo ilizunguka dunia kama uthibitisho kwamba uziwi wa uzeeni ni zao la ustaarabu wa kelele. Rosen mwenyewe alitazama mbali zaidi ya kelele: aliangalia chakula, mafuta, na hali ya mishipa ya damu.

Waliomfuata waliuliza maswali ya haki. Umri wa watu wasio na vyeti vya kuzaliwa ulikadiriwaje? Na je, Wamabaan hawakuwa na urithi wao mzuri wa masikio? Swali la pili haliwezi kujibiwa kwa kulinganisha kijiji cha Sudan na jiji la Marekani, kwa kuwa kila kitu kinatofautiana kwa wakati mmoja. Linahitaji ndugu wa damu moja waliozeeka katika mazingira mawili. Hata hivyo naona Rosen alikuwa karibu na jambo la kweli kuliko wakosoaji wake walivyokubali. Miaka 60 baadaye, uchambuzi wa jeni wa watu laki saba umeelekeza kidole kwenye tishu ileile inayotegemea mishipa midogo ya damu.

Tishu hiyo ina jambo lingine linalotuhusu. Imejaa seli zinazotengeneza melanini, rangi ileile ya ngozi. Mwaka 2011 uchunguzi wa Wamarekani wenye miaka 70 na zaidi ulionyesha kwamba watu weusi walikuwa na uwezekano mdogo sana wa kupoteza usikivu kuliko weupe, hata baada ya kuzingatia sababu nyingine. Huenda melanini inakinga sikio dhidi ya sumu za kemikali zinazozalishwa ndani ya seli. Wazo hilo linaeleweka, ila bado ni dhana. Mwafrika asilichukue kama leseni ya kukaa mbele ya spika za harusi bila kujali.

Kuna urithi mmoja ambao haupaswi kusubiri uzee ujulikane. Streptomaisini ilipogunduliwa mwaka 1943 ikawa tiba ya kwanza ya kweli ya kifua kikuu, na karibu mara moja madaktari wakaona kwamba inadhuru sikio la ndani. Ndugu zake, kanamaisini, amikasini na jentamaisini, zina tabia hiyo. Dawa hizi huua bakteria kwa kushika kiwanda chao cha protini. Mitokondria, vinu vya nishati vilivyo ndani ya seli zetu, vina kiwanda kinachofanana na cha bakteria, na mwaka 1993 ikabainika kwamba badiliko moja katika nafasi ya 1555 ya DNA ya mitokondria hukifanya kifanane zaidi. Mwenye badiliko hilo dawa humshika yeye pia. Dozi ndogo, ya kawaida kabisa, inaweza kumwacha kiziwi daima. Barani Ulaya badiliko hilo hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 500, na wapo wanaopoteza usikivu pole pole kwa umri hata bila kuchomwa sindano.

Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Mama mwenye badiliko hilo huwapa watoto wake wote, na binti zake huwapa wajukuu. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtu alipoteza usikivu baada ya sindano, kisha mama yake mdogo naye, kisha mjomba, hiyo ni taarifa ya matibabu yenye thamani ya kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye kadi ya kila mtoto wa ukoo huo wa kikeni.

Afrika Mashariki imelipa gharama ya dawa hizi. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambako Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na vituo vya namna hiyo katika nchi jirani, vililazimika kutumia sindano kwa miezi mingi, kwa sababu mbadala wake ulikuwa kifo. Wengi wa waliopoteza usikivu hawakuwa na jeni ya ajabu. Dozi na muda vilitosha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaacha kupendekeza kanamaisini kwa ugonjwa huo, na vidonge vikachukua nafasi. Ni ushindi mkubwa wa afya ya masikio, na hausemwi vya kutosha. Jentamaisini bado ipo, nayo huokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu kila siku. Huko Manchester, Uingereza, kimetengenezwa kipimo cha kitandani kinachotambua badiliko la 1555 ndani ya dakika 26, ili mtoto mwenye nalo apewe dawa nyingine bila matibabu kuchelewa. Mpaka kipimo cha aina hiyo kifike wodi zetu, swali kuhusu masikio ya upande wa mama halina gharama.

Mvumo masikioni ni kitendawili kigumu zaidi. Kila aliyemeza kwinini kwa ajili ya malaria anaujua: mlio mwembamba unaoingia siku ya pili na kuondoka baada ya dozi kwisha. Kwinini ilithibitisha kwa mamilioni ya watu wa pwani na bara kwamba sikio linaweza kusikia sauti ambayo haipo. Mvumo wa kudumu kwa kawaida huanza na uharibifu wa sikio, kisha ubongo, ukikosa ishara uliyozoea, huongeza usikivu wake mwenyewe na kuanza kusikia mnong'ono wa neva zake. Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman walionyesha kwa panya kwamba kelele inaweza kukata miunganiko kati ya seli za vinywele na neva bila kuonekana kwenye kipimo cha kawaida. Hilo huenda linaeleza kwa nini wapo wanaoambiwa masikio yao ni mazima na bado hawalali. Kadirio la mwaka 2022 ni kwamba takriban asilimia 14 ya watu wazima duniani wana mvumo, na asilimia 2 hivi wanao wa kuwatesa.

Je, nao unarithiwa? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana. Uchunguzi wa familia nchini Norway, mwaka 2010, ulitoa asilimia 11 tu. Kisha mapacha wa Sweden, mwaka 2017, wakatoa picha tofauti: mvumo wa masikio yote mawili ulikuwa na kiwango cha urithi cha asilimia 56, wa sikio moja asilimia 27. Tofauti hii ina mantiki. Sikio moja likivuma, mara nyingi kuna tukio: bunduki, usaha, ajali. Yakivuma yote mawili kwa miaka, mwili mzima umeshiriki. Ukiwachanganya wagonjwa wa aina zote katika kapu moja la swali lisilo makini, urithi hupotea machoni.

Ushahidi ulionishawishi zaidi ulitoka Sweden tena, mwaka 2019, kwa watu waliolelewa na wazazi wa kuasili. Kama mvumo hupitishwa na malezi, wasiwasi wa nyumbani, au tabia ya kulalamika, basi mtoto angefanana na waliomlea. Haikuwa hivyo. Mzazi wa damu akiwa na mvumo wa kumfikisha hospitali, uwezekano wa mtoto kuwa nao ulizidi maradufu, hata kama hawakuishi pamoja. Mzazi mlezi akiwa nao, uwezekano haukuongezeka kabisa. Matokeo haya yawatue mzigo wale walioambiwa kwamba wanajisikilizia mno, au kwamba wamejitakia. Hata hivyo jeni zenyewe bado hazijaonekana vizuri. Uchunguzi wa mwaka 2020 nchini Uingereza ulipata sehemu 6 za jenomu, na tatu tu ndizo zilizothibitika kwa askari wastaafu wa Marekani. Sehemu ya urithi wa mvumo inafanana na ya kupoteza usikivu, nyingine inafanana na ya sonona na hofu. Naelewa hapo kwamba vitu viwili vinarithiwa kwa njia tofauti: sikio linaloumia, na ubongo unaoshindwa kuipuuza sauti.

Karibu kila namba niliyotaja imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hilo ni pengo la elimu, na pia ni hatari. Tofauti za jeni ni nyingi Afrika kuliko bara lolote, na orodha iliyotengenezwa London haiwezi kumsoma mtu wa Kigoma kwa usahihi. Mfano uko wazi katika uziwi wa utotoni: jeni ya GJB2, inayoongoza Ulaya na Asia, imeonekana mara chache sana katika tafiti za Ambroise Wonkam na wenzake huko Kamerun na Afrika Kusini. Ghana ni tofauti, hasa kijiji cha Adamarobe, chenye viziwi wengi na lugha yake ya alama. Huko badiliko moja la jeni hiyo liligunduliwa mwaka 1998. Mtu wa Nairobi akilipia kipimo cha jeni cha biashara na kuambiwa hatari yake ni ndogo, ameuziwa jibu la watu wengine.

Tiba nayo isisemwe kupita kiasi. Mwaka 2024 watafiti wa Shanghai waliripoti kwamba watoto 5 kati ya 6, waliozaliwa viziwi kwa hitilafu ya jeni ya OTOF, walianza kusikia baada ya kupandikizwa jeni nzima. Ni habari ya furaha. Ila hao walikosa kitu kimoja katika sikio ambalo kwingineko lilikuwa zima. Mzee ana makumi ya jeni zenye mchango mdogo na seli zilizokwisha kufa. Hata jenomu nzima ya Beethoven, iliyosomwa kutoka nywele zake mwaka 2023, haikutoa sababu ya uziwi wake.

Kwa mzee wa leo, kazi inaanza chini zaidi. Atazamwe ndani ya sikio, maana nta iliyoganda na ngoma iliyotoboka hutibika na haziulizi ukoo. Dawa zote anazotumia ziorodheshwe, shinikizo la damu na sukari vipimwe, chati ya usikivu ichorwe. Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, lijaribiwe mapema, kwa kuwa mara nyingi hupunguza na mvumo pia. Kipimo cha jeni kina maana kwa wachache: aliyeanza kupoteza usikivu kabla ya miaka 50 bila sababu, mwenye kisukari na uziwi vinavyofuatana upande wa mama, aliyeharibikiwa baada ya sindano chache. Kwa hao, na kwa wengine wote, daktari anahitaji mti wa ukoo: nani alianza kutosikia, akiwa na miaka mingapi, masikio mangapi, alifanya kazi gani, alichomwa dawa gani. Shangazi na bibi wanaojua majibu hayo wangali hai katika nyumba nyingi, na karatasi moja inatosha kuyaandika.